Dawa ya Baridi Yabisi: Mara Moja kwa Wiki, Si Kila Siku

Baridi yabisi hutokea pale kinga ya mwili inapoanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Vidole, vifundo vya mikono na magoti huvimba na kukakamaa, hasa asubuhi. Usipotibiwa, ugonjwa huu huharibu viungo hadi mtu akashindwa kufunga vifungo vya shati au kushika jembe.

Dawa inayotumiwa sana kuudhibiti ni methotrexate, ambayo hutuliza kinga hiyo. Nafuu huja polepole, baada ya wiki kadhaa. Dawa hii husaidia, lakini inahitaji uangalifu.

Kosa la hatari zaidi

Tembe za methotrexate za baridi yabisi humezwa siku moja tu kwa wiki. Kwa kuwa wengi wetu tumezoea dawa za kila siku, ni rahisi kukosea. Anayezimeza kila siku anaweza kupata sumu mwilini, uboho ukashindwa kutengeneza damu, na hata kufariki.

Chagua siku moja, tuseme Jumatatu, na umwombe mfamasia aiandike kwenye pakiti. Ukiona pakiti imeandikwa 1x1, rudi dirishani uulize kabla ya kumeza. Ukisahau siku yako, usimeze dozi mbili kwa pamoja, uliza ushauri. Babu au nyanya anayesahau awe na mtu wa kumsimamia.

Madhara ya kawaida

Unaweza kuhisi kichefuchefu na uchovu, au nywele zikapungua. Daktari hukupa pia tembe za asidi ya foliki ili kupunguza madhara haya. Zimeze siku uliyoelekezwa, na usizichanganye na methotrexate.

Nenda hospitalini mara moja ukiona:

- homa au maumivu ya koo;
- vidonda mdomoni;
- kikohozi kikavu na kupumua kwa shida;
- michubuko au kutokwa na damu bila sababu;
- macho kuwa ya manjano;
- kutapika au kuhara kusikokoma.

Vipimo na tahadhari

Kabla ya kuanza dawa, hupimwa damu, ini na figo, na huchunguzwa kama una kifua kikuu au homa ya ini, kwa sababu kinga ikishuka magonjwa haya yanaweza kuchachamaa. Vipimo vya damu huendelea muda wote wa matibabu. Usivikose kwa kuwa unajihisi mzima. Ini linaweza kuumia bila kuonyesha dalili.

Methotrexate hudhuru mimba. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie, na mume au mke anayepanga kupata mtoto amwone daktari mapema. Epuka pombe. Usinunue Septrin au dawa za maumivu dukani bila kumweleza mfamasia kwamba unatumia methotrexate. Septrin ikichanganywa nayo huweza kuharibu uboho. Uliza pia kabla ya kupata chanjo, kwani nyingine, kama ya homa ya manjano, hazifai.

Usiache dawa kwa kuogopa madhara, wala usiongeze dozi kwa kutaka nafuu ya haraka. Kila unapoenda zahanati au hospitali, beba pakiti yako na umwonyeshe mhudumu.