Mnada Usio na Uwanja

Soma habari hii polepole. Ukimaliza, jibu maswali yaliyo mwisho pamoja na wenzako darasani.

1. Wakusanyaji

Wako watu wanaopenda kukusanya vitu vya aina moja. Huyu hukusanya stempu. Yule hukusanya sarafu za zamani. Mwingine hukusanya wanasesere. Watu hawa tunawaita wakusanyaji. Vitu vyao wengine huviona takataka. Kwa mkusanyaji, vitu hivyo ni mali.

Mkusanyaji ana shida moja kubwa. Kitu anachokitafuta kipo, lakini hajui kiko kwa nani. Labda kimelala sandukuni katika mji wa mbali. Mwenye nacho naye hajui kwamba kuna mtu anayekitaka. Huyu ana kitu, yule ana fedha, wala hawajakutana.

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyewakutanisha. Jina lake ni Pierre Omidyar.

2. Kijana na kompyuta

Pierre alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1967. Wazazi wake walitoka Iran. Alipokuwa bado mtoto, familia yake ilihamia Marekani. Baba yake alikuwa daktari.

Shuleni Pierre aliiona kompyuta, akaipenda. Akajifunza kuandika programu. Programu ni maagizo yanayoandikwa hatua kwa hatua ili kompyuta iyafuate. Ukimtuma mtoto dukani na kumweleza nusunusu, atarudi na kitu usichokitaka. Kompyuta nayo haikisii unalotaka. Hufuata ulichoandika tu. Ukikosea herufi moja, huenda isifanye kazi kabisa.

Pierre alipokuwa mwanafunzi, alipewa kazi ya kuandika programu ya kuchapa kadi za maktaba ya shule. Kadi hizo humsaidia msomaji kukipata kitabu anachokitafuta. Alilipwa dola 6 kwa saa. Basi tangu ujana wake alianza kuwasaidia watu kupata vitu kwa njia ya orodha.

Baadaye alisoma elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Tufts. Alimaliza mwaka 1988. Kisha akafanya kazi ya kuandika programu huko California.

3. Mnada wa kwanza

Umewahi kwenda mnadani? Mnadi hutaja bei, watu huipandisha, na mwenye bei ya juu huchukua kitu. Lakini ni lazima ufike uwanjani. Asiyefika hanunui.

Pierre alijiuliza: Je, mnada hauwezi kufanyika bila uwanja? Wakati huo intaneti ilikuwa inaanza kuenea. Intaneti ni njia ya kuunganisha kompyuta za nchi zote ili zipelekeane habari. Mtu wa mji mmoja angeweza kutaja bei, na mtu wa mji mwingine akaiona na kuipandisha.

Mwezi Septemba 1995, katika siku chache za mapumziko, Pierre alikaa akaandika programu ya mnada. Aliuita mnada wake AuctionWeb. Alikuwa bado ameajiriwa mahali pengine. Kazi hii aliifanya kwa saa zake mwenyewe.

Kitu kimoja cha kwanza kuuzwa kilikuwa chake. Kilikuwa kifaa kidogo kama kalamu, kinachotoa mwale mwembamba wa mwanga. Kilikuwa kimeharibika, naye hakuficha. Hata hivyo kilinunuliwa kwa dola 14 na senti 83. Pierre alishangaa. Akamwandikia mnunuzi kumwuliza kama anajua kwamba kifaa ni kibovu. Mnunuzi alijibu kwamba yeye hukusanya vifaa vibovu vya aina hiyo!

Hapo Pierre aliona jambo. Hakuna kitu kisicho na mtu wake. Kazi ni kuwakutanisha tu.

4. Utamwaminije usiyemwona?

Wakusanyaji walikuja kwa wingi. Lakini ikatokea shida. Mnunuzi alituma fedha kwa mtu asiyemjua. Je, kitu kitafika? Kikifika, kitakuwa kama kilivyoelezwa? Wengine walianza kumwandikia Pierre kushtakiana. Yeye alikuwa mtu mmoja. Hakuweza kuamua kila kesi. Na watu wakikosa kuaminiana, mnada hufa.

Mwezi Februari 1996 alipata dawa. Aliweka mahali ambapo kila mtu angeweza kuandika habari za yule aliyefanya naye biashara. Ukitendewa vizuri, unaandika sifa, naye anaongezewa alama moja. Ukitendewa vibaya, unaandika lawama, naye anapunguziwa alama moja. Mtu ambaye lawama zake zilizidi sifa zake kwa alama nne alifukuzwa mnadani. Maandishi hayo yalisomwa na wote.

Pierre aliwaeleza kwamba watu wengi ni waaminifu, ingawa wadanganyifu wapo. Sasa mdanganyifu hakuweza kujificha. Na mwaminifu alijenga jina lake, hata kwa watu ambao hawajamwona.

5. Mnada unakua

Gharama za intaneti zilipanda hadi dola 250 kwa mwezi. Pierre akawaomba wauzaji wamlipe sehemu ndogo ya kila mauzo. Bahasha zenye hundi zikafika kwa wingi. Wengine walitia hata sarafu ndani ya bahasha. Mwaka huohuo wa 1996 aliacha kazi yake ya kuajiriwa.

Mwaka 1997 mnada ulipewa jina la eBay. Mwaka 1998 kampuni ilianza kuuza hisa zake kwa watu wote, na Pierre akawa tajiri mkubwa. Tangu mwaka 2008 watu huweza kuutumia mnada huo kwa programu iliyo ndani ya simu ya mkononi.

6. Maandishi nayo hupimwa

Kwa miaka kadhaa magazeti yaliandika kwamba Pierre alianzisha mnada ili mchumba wake apate kubadilishana vikopo vya peremende alivyokuwa akikusanya. Ni kweli kwamba mchumba wake alikusanya vikopo hivyo. Lakini hiyo haikuwa sababu. Ofisa wa kampuni aliitunga habari hiyo ili iwapendeze waandishi wa magazeti.

Basi kumbuka mambo mawili. Maandishi hulinda haki, kwa sababu neno la mdomo husahauliwa au hukanwa. Lakini maandishi yanaweza pia kudanganya. Sifa za mtu mmoja zisikutoshe. Soma za wengi. Uliza. Ndipo utoe fedha yako.

Maswali

1. Programu ya kompyuta ni nini?
2. Kwa nini mtu alinunua kifaa kibovu?
3. Pierre alifanya nini watu walipoanza kushtakiana?
4. Ukimwuzia mtu mazao kwa mkopo, utaandika nini katika daftari lako? Andika mfano mmoja.
5. Zungumzeni: Mtu akileta barua inayomsifu, mtajuaje kwamba barua hiyo ni ya kweli?