Jiko la Kuota Moto Usiku
Katika miinuko ya Kasulu na Kibondo, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu kuingiza jiko la mkaa chumbani, wakiliamini kwa kuwa halina moshi. Kumbe mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Afadhali jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, nalo lizimwe kabla ya kulala. Wakazi wa nyumba moja wakiamka wote na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, isidhaniwe ni malaria tu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kumdanganya mhudumu kwa kuonyesha kiwango cha kawaida. Mgonjwa apewe oksijeni mara moja.