Elimu kwa Umma: Chama si Dhehebu

Msimu wa kampeni unapowadia, ratiba ya mwanasiasa wa Migori au Homa Bay hufuata kalenda ya ibada. Jumamosi yuko kwa Waadventista. Jumapili asubuhi yuko kwenye misa ya Kikatoliki au ibada ya Kianglikana, na alasiri huenda akaonekana miongoni mwa waumini wa Legio Maria au wa makanisa ya Roho. Akiwa upande wa Kendu Bay hatasahau msikiti siku ya Ijumaa. Hakuna sheria inayomzuia kusali. Shida huanza anapopewa kipaza sauti akawaambia waumini kwamba chama chake ndicho safina, na vyama vingine ni vya watakaoachwa kwenye gharika.

Somo hili linamsaidia mpiga kura kuyapima maneno ya namna hiyo: yapi ni mfano tu wa mzungumzaji, yapi yanapotosha, na yapi yanavunja sheria.

Maneno ya dini yana uzito katika kaunti hizi mbili. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa 1993, linahudumia kaunti zote mbili. Got Kwer, katika Kaunti ya Migori, ni mahali patakatifu pa waumini wa Legio Maria, na ndipo alipozikwa mwanzilishi wao, Simeo Ondetto. Katika boma moja unaweza kukuta baba ni Mwadventista, shangazi ni Legio, na kijana wao amejiunga na kanisa la Kipentekoste sokoni. Wote hao hula chungu kimoja. Mwanasiasa anayegeuza chama kuwa dini huingiza ndani ya boma hilo mpaka ambao haukuwepo.

Mifano ya Biblia kwenye jukwaa si jambo geni. Katika kampeni za 2017 muungano wa NASA ulimtangaza mgombea wake wa urais, Raila Odinga, kuwa Yoshua atakayewavusha wafuasi hadi Kanaani, nao wapinzani wao wakaibeza Kanaani hiyo mkutano baada ya mkutano. Mfano kama huo si kosa. Ni lugha ambayo msikilizaji anaielewa haraka kuliko takwimu. Lakini anayeifahamu vyema habari ya Yoshua anajua kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni ugawaji wa ardhi, kabila kwa kabila, mpaka kwa mpaka, mji kwa mji. Sura hizo hazisikiki sana jukwaani. Mpiga kura ana haki ya kuziulizia: tukishavuka mto, zahanati ya wadi yetu itapata nini, na kwa bajeti ipi?

Jambo la pili ni pale mzungumzaji anapovilinganisha vyama kwa kipimo cha imani, kwamba hiki ni cha Mungu na kile ni cha shetani. Hapa inafaa kukumbuka chama ni kitu gani mbele ya sheria. Chama cha kisiasa husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ili kipate usajili kamili ni lazima kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kupiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Mwanachama anaweza kukihama kwa barua ya kujiuzulu. Vyama vinavyotimiza masharti hugawiwa pesa kutoka Hazina ya Vyama vya Kisiasa, ambayo sheria inaitengea angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na vitabu vyao vya hesabu hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Chombo kinachoishi kwa kodi ya mwananchi ni halali kukosolewa na mwananchi huyo, na kumkosoa msemaji wake si kukufuru.

Katiba ya 2010 imelitamka jambo hili waziwazi. Kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinamlinda kila mtu katika dhamiri na imani yake. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuanzishwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo, au kueneza chuki kwa misingi hiyo. Ubishi wenyewe ni wa tangu mwanzo wa mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1992, chama cha Islamic Party of Kenya kilichochipuka Mombasa kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba kilisimama juu ya msingi wa dini, na mji huo ukashuhudia makabiliano makali kati ya vijana na polisi.

Hii haina maana kwamba viongozi wa dini wanyamaze kuhusu siasa. Katika miaka ya 1980, Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Kianglikana ya Maseno Kusini alipinga hadharani upigaji kura wa mlolongo, wakati ambapo wengi waliogopa hata kunong'ona. Yeye alikemea jinsi kura ilivyopigwa, na neno lake lilimfaa mpiga kura yeyote, wa dhehebu lolote. Kumwambia mtu kwamba kuchagua upande fulani ndiko kumwamini Mungu ni jambo jingine kabisa.

Vitisho ndivyo vizito kuliko yote. Kuna maneno yanayosemwa mbali na vinasa sauti: kwamba atakayepigia kura upande ule atapatwa na chira, kwamba laana ya wazee itamwandama, kwamba maombi ya kanisa hayatamfikia mtoto wake mgonjwa. Kwa mjane anayeishi kwenye ardhi ya ukoo, maneno hayo si mzaha. Anaweza kuingia kwenye kibanda cha kura akiwa ameshaamuliwa.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 10, imeyaona hayo. Inahesabu kuwa kosa la ushawishi usiofaa mtu kutumia au kutishia kutumia nguvu, vurugu au madhara ya mali, ya mwili au ya kiroho, au hila na udanganyifu, ili kumlazimisha mwingine apige au asipige kura. Maneno "madhara ya kiroho" yamo ndani ya sheria yenyewe. Anayetisha kwa laana hawezi kujitetea kwamba hakumgusa mtu.

Na je, imani ya mtu huyumba kura yake inapokwenda upande mwingine? Historia ya karibu ina jibu. Katika kura ya maamuzi ya 4 Agosti 2010, makanisa mengi makubwa yaliwaomba waumini waikatae rasimu ya katiba, hasa kwa sababu ya mahakama za kadhi na kipengele kuhusu utoaji mimba. Nyanza iliipitisha kwa kishindo. Mwaka 2013, wapiga kura wa Migori walimpa Raila Odinga wa ODM na muungano wa CORD kura nyingi za urais, na katika karatasi nyingine wakamchagua gavana Okoth Obado wa chama cha PDP. Jumapili zilizofuata, makanisa yalijaa kama kawaida.

Makanisa nayo yamekuwa yakifunga mlango kidogo kidogo. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawataruhusiwa tena kuhutubia waumini wakati wa ibada, na siku chache baadaye maaskofu Wakatoliki wakatoa msimamo kama huo. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo, aliyewahi kuwa askofu wa Homa Bay, alikataa mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais kwa parokia moja jijini. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, maana harambee ya paa la kanisa bado inahitaji mgeni wa heshima.

Uchaguzi Mkuu utafanyika Jumanne, 10 Agosti 2027, na kila mpiga kura atapewa karatasi sita. Anayetishwa, au anayeshuhudia mwingine akitishwa, anaweza kuripoti kwa polisi au katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lake. Migori ina maeneo bunge manane, na Homa Bay vilevile manane. Aandike jina la aliyesema, mahali, siku na saa, na majina ya waliosikia. Maneno yenyewe ayaandike jinsi yalivyotamkwa, yawe ya Dholuo, Kikuria au Kiswahili, bila kuyatafsiri wala kuyapunguza makali.