Soma Sheria Kabla ya Kucheza Bao

Bao la barazani ubishi wake huisha kwa kicheko. Bao la mashindano mtu hudai haki yake. Basi kabla hujajiandikisha, omba karatasi ya sheria uisome mwenyewe. Usingoje kusomewa. Na jina uliandike kwa mkono wako. Dole gumba tumeshaliacha.

Angalia kwanza nani anaruhusiwa. Ni watu wa shehia moja tu, au na wa Wete na Chake wamo? Kina mama je? Karatasi isipowakataza, wamo.

Halafu angalia kiingilio. Pesa za chai na za mkeka si neno. Lakini ikiwa kila mchezaji anatoa chake ili mshindi azoe zote, hiyo ni kamari, hata ikiitwa zawadi. Uliza mapema zawadi inatoka wapi.

Sasa mchezo wenyewe. Bao lina mashimo 32 na komwe 64, kila mtu 32. Mwanzo unaweka 6 katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 zinabaki mkononi. Ukiwa na pa kula, lazima ule. Huna ruhusa kutakata. Hapo ndipo wengi hugombana, kwa hiyo mwamuzi aseme mapema. Mstari wako wa mbele ukibaki mtupu, umefungwa.

Zoezi: Wachezaji 8 wanacheza, anayefungwa anatoka. Itachezwa michezo mingapi mpaka abaki mmoja? Na kama kila mmoja atacheza mara moja na kila mwenzake, je?