Kocha akiondolewa, nani hulipa?

Swali: Klabu ya raga ikiachana na kocha mkuu kabla mkataba haujaisha, nani hubeba gharama?

Jibu: Kwa kawaida ni klabu, isipokuwa kocha awe amevunja masharti ya kazi. Kushindwa mechi peke yake si kosa la kimkataba. Tazama Parramatta Eels ya Sydney, wanaocheza raga ya wachezaji 13. Mei 2024 walimwondoa Brad Arthur, aliyewafikisha fainali ya 2022 wakalala 28–12 mbele ya Penrith. Mkataba wake ulikuwa na muda hadi mwisho wa 2025. Trent Barrett akashika timu kwa muda, na Julai Arthur akachukuliwa na Leeds Rhinos ya Uingereza. Ukisikia “tumeachana kwa makubaliano”, elewa kwamba mara nyingi fidia imeshajadiliwa.