Somo: Dawa ya Kupunguza Estrojeni kwa Mwanaume

Ndugu msomaji, labda munganga anakupiga shindano la testosteroni, kwa sababu mwili wako hautengenezi ya kutosha. Ujue neno hili: sehemu ya testosteroni hugeuka kuwa estrojeni, hasa katika mafuta ya mwili. Ikizidi, matiti ya mwanaume huweza kuvimba na kuuma.

Iko dawa inayozuia kugeuka huko, jina lake anastrozoli. Wanawake wenye kansa ya matiti humeza kidonge cha miligramu 1 kila siku. Kipimo hicho si chako. Tena wanaume wengi wanaopigwa shindano hawaihitaji kabisa.

Usifikiri estrojeni ni adui wa mwanaume. Ndiyo inayolinda mifupa yake. Ikishuka mno, viungo vinauma, hamu ya ndoa inapungua, na mifupa inadhoofika pole pole bila wewe kujua.

Basi, shika haya:

1. Damu ipimwe kwanza.
2. Mara nyingi yatosha munganga kupunguza testosteroni, au kuigawa kidogo kidogo kwa siku zilizo karibu.
3. Akikupa anastrozoli, fuata kipimo na siku alizoandika. Baada ya siku mbili, karibu nusu ya dawa ingali mwilini. Kwa hiyo ukisahau, usimeze mara mbili.
4. Usiongeze kidonge kwa kufuata ndugu au rafiki. Rudi, damu ipimwe tena.

Maulizo: Estrojeni inamsaidia mwanaume namna gani? Ukisahau kidonge, utafanya nini?