Lenzi ya harusi: unanunua mwanga

Harusi ya Dar es Salaam huanzia asubuhi chumbani kwa bibi harusi, ikapita kanisani au msikitini, ikaenda ufukweni kwa picha za maharusi, ikaishia ukumbini usiku wa manane. Njia hiyo nzima hupati nafasi ya kubadilisha lenzi, na keki ikishakatwa imekatwa. Ndiyo maana wengi wetu tunategemea lenzi moja ya kuvuta, inayoanzia milimita 24 hivi na kufika 70 au 105. Na ndiyo maana vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali lilelile: nichukue 24-70 f/2.8 au 24-105 f/4?

Wengi watakuambia chukua f/2.8 kwa sababu inafuta nyuma vizuri zaidi. Mimi hapo sikubaliani nao. Gawanya 70 kwa 2.8, unapata 25. Gawanya 105 kwa 4, unapata 26 na ushee. Huo ni upana, kwa milimita, wa tundu linalopitisha mwanga, na ukimpiga mtu kwa ukubwa uleule ndani ya picha, ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa vitu vya mbali nyuma yake vitafifia vipi. Bibi harusi akisimama ufukweni, ukampiga kuanzia kiunoni kwenda juu, minazi iliyo mbali nyuma yake itafutika karibu sawasawa kwa lenzi zote mbili. Tena 24-105 inakuongezea kitu: unasimama mbali kidogo, sura inakaa vizuri, na mtu hajisikii kubanwa na kamera. Kama kazi zako nyingi ni picha za watu mchana, yaani mahafali, wachumba na familia, f/4 inakutosha kabisa. Pesa itakayobaki nunulia flashi ya pili.

Ukumbini ndipo habari inapobadilika. MC ameshatangaza, taa zimezimwa, maharusi wanaingia wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, wapambe wakiwatangulia. Mwanga uliopo ni wa taa za zambarau za mapambo na ile taa ya mtu wa video, ambayo hugeukia kwingine kila unapoihitaji. Kwa watu wanaocheza sishuki chini ya shata ya 1/125. Mwanga ukiwa wa kunilazimisha ISO 3200 kwenye f/2.8, kwenye f/4 itabidi nipande hadi 6400. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ambayo ukiivuta mpaka mwisho hujibana yenyewe hadi f/5.6, itanidai 12800. Kwenye kamera ya bei ya chini, ISO ya namna hiyo inajaza chenga na madoa ya rangi kwenye ngozi zetu, hasa upande wa kivuli. Utasema nitumie flashi. Natumia, lakini dari refu lililofunikwa vitambaa vya rangi halirudishi mwanga wa maana, na wapo mapadri na wachungaji wasiotaka flashi kabisa wakati wa ibada.

Kwa hiyo f/2.8 inunue kwa ajili ya mwanga. Kufuta nyuma ni nyongeza tu.

Usichanganye mwanga na kizuia mtikisiko. Mwaka 2012 Canon walitoa 24-70 f/2.8L II isiyo na kizuia mtikisiko, na mwaka huohuo Tamron wakatoa 24-70 f/2.8 iliyo nacho. Kitu hicho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Wakati wa kuvishana pete, watu wametulia, kinasaidia. Muziki ukifunguliwa, hakina kazi.

Kabla hujatoa hela, angalia bodi ya kamera yako. Kamera nyingi za kuanzia zina sensa ndogo, na kwenye Canon za namna hiyo unazidisha kwa 1.6. Hapo 24-70 inaona kama 38-112. Nenda nayo kwenye chumba cha nyumba ya kawaida Temeke, bibi harusi anafungwa gauni, mama, mpambaji na wasimamizi wote wamo humo humo. Utarudi nyuma mpaka mgongo uguse kabati na bado hawaingii wote. Kwa sensa hiyo tafuta 17-55 f/2.8 ya Canon, iliyotoka 2006, au 17-50 f/2.8 ya Sigma. Wenye Sony za sensa ndogo wana 18-50 f/2.8 ya Sigma, gramu 290 tu, na shingo itakushukuru. Ila jua kwamba ile 17-55 haikutengenezwa kwa Canon ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa, siku ukihama utaiuza.

Wenye Sony za fulu fremu wengi wanapenda Tamron 28-75 f/2.8, na sababu ni uzito: gramu 550 kwa ile ya 2018, wakati 24-70 ya Canon niliyoitaja ni 805. Milimita nne unazopoteza huko mwanzo zinaonekana chache, lakini chumbani zina maana, kwa sababu 24 inachukua nyuzi kama 74 kwa upana na 28 inachukua kama 65.

Lakini hata ukiwa nayo 24, usiipende sana kwenye picha za ukoo. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari atatoka mpana kuliko alivyo, na hatakusahau kwa hilo. Rudi nyuma, vuta hadi 35. Kwa sura ya mtu mmoja, nenda 70 au zaidi.

Mimi nanunua zilizotumika. Pwani adui mkubwa ni fangasi, kwa hiyo mulika tochi ndani ya kioo, mbele na nyuma, uangalie kama kuna nyuzi nyuzi nyeupe. Zungusha pete ya kuvuta taratibu. Ikikwaruza, mchanga umeingia. Kisha piga kwa f/2.8 kwenye 24 na kwenye 70, fokasi iwe kwenye jicho la mtu, ukuze picha kwenye skrini. Kope zisipoonekana moja moja, rudia. Zikikataa tena, iache.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, bodi ya zamani yenye f/2.8 iliyotumika itakulipa zaidi ukumbini kuliko bodi mpya yenye 18-55. Nenda dukani na bodi yako mwenyewe na kadi tupu. Muuzaji akikukatalia kujaribu, aga uondoke.